Shetani mwenye mapenzi: kutoka Mueda hadi maduka ya Arusha

Ukiingia maduka ya vinyago jijini Arusha, iwe Cultural Heritage kwenye barabara ya Dodoma au vibanda vya Soko la Wamasai, hukosi kuwakuta wapenzi wa namna ya pekee. Wamechongwa katika gogo moja la mpingo. Mmoja ana jicho moja na tumbo lililofura. Mwenzake ana sikio kubwa kama ungo, na mguu wake umejipinda hadi kuwa mkono wa yule wa kwanza. Wamekumbatiana, na nyuso zao zinacheka. Hao ni mashetani, na wanapendana.

Hawakuzaliwa chini ya Mlima Meru. Kwa Waarusha, kama kwa Wamasai wenzao, mambo ya ghaibu yalikuwa ya Engai, yaani Mungu, ya laana za wazee na ya oloiboni anayetazamia. Wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896, siku chache tu baada ya kufika kwa Wameru. Kituo cha misheni cha Nkoaranga kilianzishwa mwaka 1902, na kuanzia hapo shetani wa Meru akawa yule wa katekisimu: adui wa roho. Huyo hachumbii mtu.

Shetani wa mapenzi ni wa pwani. Mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu huko Unguja, alichapisha London hadithi alizosimuliwa na Waswahili wa Zanzibar, mojawapo ikiwa ya Hasibu Karimu Dini na mfalme wa nyoka. Katika Alfu Lela Ulela, hadithi hiyo imebeba tumboni mwake kisa cha Janshah, kijana wa kifalme aliyempenda Shamsa, binti wa jini, akazunguka dunia kumtafuta. Hakuna anayelaaniwa kwa kupenda hivyo. Mapenzi yenyewe ndiyo safari.

Nje ya hadithi mambo yalikuwa na ucheshi zaidi. Katika ngoma za pepo za Unguja, Pemba na Tanga, mwanamke aliyepandwa na pepo hakulazimika kumfukuza. Alikaa naye kitako wakapatana. Pepo akataka pete, akataka kanga, akataka manukato. Kibuki, pepo ambaye asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, akataka brandi na asali. Mume wa nyumbani ndiye aliyetoa fedha. Wengine waliishi na pepo wao maisha yote, wakawa waganga kwa nguvu zake, na majirani wakawajua wote wawili kwa tabia zao, mganga na pepo wake, kama wanavyojuana watu wa mtaa mmoja. Mtu akitafuta huku kwetu kisa cha mganga wa mji mdogo na shetani wake kinachosimuliwa kwa kicheko, asiende mbali. Kiko hapo. Marekani walihitaji televisheni na mwaka 1965 ndipo wakacheka na jini wa kike aliyempenda rubani wa anga za juu, na jini huyo pia walimtoa katika chupa ya masimulizi ya Mashariki.

Vinyago vya Arusha vina asili nyingine. Vililetwa na Wamakonde wa uwanda wa Mueda, Msumbiji, waliokuwa wakivuka mto Ruvuma kuja Tanganyika kutafuta kazi, wengi katika mashamba ya mkonge. Dar es Salaam, miaka ya 1950, mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi zao na kuwahimiza wachonge mpingo, mti mgumu unaohitaji miongo mingi kukomaa. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kumchonga shetani, mwishoni mwa miaka hiyo: kiumbe asiyefuata umbo la mtu wala mnyama, aliyetoka katika masimulizi ya Kimakonde kuhusu viumbe vya porini. Wachongaji wengine walimfuata. Walipata uhuru ambao sanamu za askari na mama wenye mitungi hazikuwapa. Shetani aliweza kuwa na titi moja, kutembea kwa mikono, kuoa.

Aliyewafanya mashetani wawe watu wa kwetu kabisa ni George Lilanga. Alizaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934, akafika Dar es Salaam, akaanza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, kabla kipaji chake hakijaonekana. Mashetani wa Lilanga wana masikio mapana na midomo mikubwa. Wanapiga ngoma, wananywa pombe, wanakwenda hospitali, wanagombana na kutongozana. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Alifariki mwaka 2005, na kwa maoni yangu hakuna msanii wa Tanzania aliyewatazama viumbe wa kutisha kwa upendo kama yeye.

Njia ya kufika Arusha ilifunguliwa na utalii. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulianza kazi mwaka 1971. Mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka 1977 na kufunguliwa tena 1983. Kufikia miaka ya 1990 mji ulikuwa umejijenga kama lango la Serengeti na Ngorongoro, na mpingo ukapanda malori kutoka kusini.

Baadaye filamu za video zilielekea upande mwingine. Shumileta ya Mussa Banzi, ya mwaka 2005, ilimleta jini wa kike anayempenda mwanadamu, lakini ilimleta kwa kutisha, kwa mfano wa filamu za Kinaijeria zilizokuwa zimejaa vibandani. Naiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo hofu ina gharama katika nchi ambayo sheria yake ya uchawi ni ya mwaka 1928, ambako vikongwe wameuawa, hasa Usukumani, kwa kudhaniwa wachawi, na ambako Januari 2015 serikali ililazimika kuwapiga marufuku waganga wasio na kibali kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kikongwe anayechekwa pamoja na pepo wake bado ni jirani. Anayeogopwa anaweza kuchomewa nyumba.

Kwa hiyo nawaomba waandishi na watengenezaji filamu wa Arusha: kisa cha mapenzi ya mganga wa Tengeru au Usa River na shetani mcheshi kinawasubiri, na malighafi yake imejaa madukani mwenu. Na wewe unayenunua kinyago, muulize muuzaji jina la aliyekichonga, kisha uliandike chini ya kinyago kwa kalamu isiyofutika.