Matrekta Makuukuu ya Mara

Mvua za vuli zikaribiapo katika nchi ya Mara, na mawingu ya alasiri yakaanza kujikusanya juu ya Ziwa Viktoria, sauti moja husikika katika vijiji vilivyo kando ya barabara itokayo Bunda kwenda Musoma, na katika njia igeukayo Makutano kuelekea Butiama. Ni sauti ya injini ya dizeli yenye silinda tatu, nzito na ya taratibu, ambayo mkulima huitambua kabla hajakiona chombo chenyewe. Kisha chombo hutokea: trekta jekundu lenye pua fupi, magurudumu makubwa nyuma na madogo mbele, boneti imepakwa rangi upya, na ubavuni limeandikwa jina la mwenyewe au neno la hekima kwa mkono wa mchoraji wa mabango. Aghalabu dereva aliyeketi juu yake ni mdogo kwa umri kuliko chombo anachokiendesha. Trekta lilikuwa likilima mashamba ya watu kabla baba yake hajaoa.

Kwa wenyeji jambo hili si la ajabu, lakini lamstahili mwanafunzi wa historia kulitazama kwa makini. Tanganyika, na baadaye Tanzania, iliingiza matrekta kwa makundi mara kadha wa kadha, kwa fedha nyingi na matumaini makubwa. Na mengi katika hayo yalikufa yangali mapya. Machache yaliyonunuliwa bila hotuba wala sherehe yamevuka nusu karne, na yangali yakilima. Kwa nini hayo yameishi na yale yakafa? Jibu la swali hili si habari ya chuma peke yake. Ni habari ya watu na madaraka yao juu ya mali.

Fundisho la kwanza lilitokea mbali na Mara, katika nyika ya Kongwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilikubali mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa pauni milioni 25. Vita Vikuu vilikuwa vimekwisha majuzi tu, na matrekta mapya yalikuwa adimu. Basi vyombo vilitafutwa katika mabaki ya majeshi, hata Ufilipino, na vifaru vya aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu kama tofali. Karakana zilikuwa chache, spea zilikuwa ng'ambo ya bahari, na madereva wengi walipewa usukani kabla hawajafundishwa sawasawa. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamesimama. Mapema mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikawa zimepotea. Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Spea iliyo ng'ambo haifufui trekta lililokwama porini.

Fundisho la pili lilifika Mara kwenyewe. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 baada ya kuapishwa kuwa Rais wa Jamhuri, aliwaeleza wananchi kwamba watu wakaao mmoja huku na mmoja kule hawawezi kutumia trekta, na kwa hiyo budi wakae vijijini. Katika maneno hayo trekta halikuwa mashine tu. Lilikuwa alama ya maisha mapya ya pamoja. Mwaka uliofuata kazi ya kuanzisha makazi mapya ya wakulima ilianza, na Mpango wa Miaka Mitano wa 1964 ukakusudia makazi zaidi ya 60, kila moja likigharimu takriban pauni 150,000. Mojawapo ya makazi ya majaribio lilikuwa Rwamkoma, katika nchi hiyo hiyo ya Butiama.

Makazi ya namna hii yalianza na mashine, na watu wakaja kuzifuata mashine. Deni la vyombo lilihesabiwa juu ya walowezi ambao hawakuvichagua, wala hawakuulizwa kama wanavihitaji, na wengi wao walijiona kuwa vibarua wa serikali kuliko wenye shamba. Mtu asiyejua kwamba trekta ni lake hana sababu ya kuamka alfajiri kuangalia oili. Mwaka 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba makazi mapya ya gharama kubwa hayataanzishwa tena, na nguvu zitaelekezwa katika vijiji vilivyokwishako. Rwamkoma baadaye ikawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Katika miaka hiyo hiyo vyama vya ushirika vya pamba vya Kanda ya Ziwa vilijaribu kulima kwa matrekta mashamba ya wanachama yaliyounganishwa pamoja, navyo vikaona gharama zikipita mapato. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu mwenyewe aliwahimiza wakulima kwanza waliache jembe la mkono washike plau la ng'ombe, kabla ya kuota ndoto ya trekta. Maneno hayo hayakuwa mageni masikioni mwa watu wa Mara, maana wengi wao ni wafugaji, na maksai walikwisha kuzoea nira.

Sasa na tulitazame trekta lile jekundu. Asili yake ni fikra ya Harry Ferguson, mtu wa Ireland, aliyebuni namna ya kulishika plau nyuma ya trekta kwa mikono mitatu ya chuma, likapandishwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa, hata trekta dogo likaweza kulima kazi ya kubwa. Ferguson dogo la rangi ya kijivu lilianza kutengenezwa Coventry mwaka 1946, na kufikia 1956 zaidi ya nusu milioni yalikuwa yametoka kiwandani. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, na baadaye jina likawa Massey Ferguson. Kutoka katika ukoo huo lilizaliwa trekta la namba 35, kisha 135 lililotengenezwa Uingereza tangu 1964 hata 1975, lenye injini ya Perkins na nguvu za farasi zipatazo 45.

Fadhila ya mashine hiyo ni usahili wake. Injini yake haihitaji cheche ya umeme: hewa hubanwa silindani hata ikawa moto, dizeli ikanyunyizwa, ikawaka. Betri ikifa, trekta huwashwa kwa kusukumwa mteremkoni. Silinda ikilika, huvishwa slivu mpya. Kisha, na hili ni kubwa, trekta la ukoo huu halikubaki mali ya Uingereza peke yake. Tangu miaka ya 1960 viwanda vya India na Pakistani vilianza kuyatengeneza matrekta ya Massey Ferguson kwao, na kwa hiyo spea zake hazikukoma kiwanda cha Coventry kilipoacha kuyatengeneza. Trekta lenye ndugu wengi duniani haliwi yatima.

Ijapokuwa hivyo, usahili wa chuma haukutosha. Mtihani mkali kuliko yote ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya ukafungwa hata 1983. Kwa mtu wa Dar es Salaam habari hiyo ilikuwa ya siasa. Kwa mtu wa Musoma, aliye jirani na Sirari na njia ya Kisumu, ilikuwa habari ya gasketi na ringi za pistoni. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na bei ya mafuta ikapanda. Duka la spea likabaki na rafu tupu. Katika miaka hiyo trekta ambalo halikuwa na mwenyewe lilisimama, likaota nyasi, likafunguliwa kipande kimoja leo na kingine kesho, hata ikabaki chesisi.

Lenye mwenyewe halikuachwa. Mkoa wa Mara ulikuwa na viwanda vya kuchambua pamba, na ulikuwa umejua migodi ya dhahabu ya Kiabakari na Buhemba. Injini hazikuwa jambo geni huko. Mafundi walikereza bushi kwa chuma chakavu, wakakata gasketi kwa karatasi ngumu, wakaunga kwa moto mkono uliovunjika. Matrekta mawili yaliyokufa yakafanywa moja lililo hai. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, spea zilianza kurudi, zikayakuta matrekta hayo yanazingoja. Kama yasingalitunzwa kipindi cha ukame, mvua ingaliyanufaisha nini?

Utunzaji wenyewe ni kazi ndogondogo isiyo na sifa. Alfajiri oili hupimwa, maji ya rejeta hutazamwa, kichujio cha hewa husafishwa kwa sababu vumbi la Bunda halina huruma, na maji yaliyojitenga na dizeli humwagwa. Grisi hutiwa katika maungo ya mbele. Nozeli zikianza kutoa moshi mweusi hupimwa. Na pampu ya dizeli haifunguliwi kando ya shamba na mtu yeyote mwenye spana, bali hupelekwa mjini kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Msimu ukiisha, diski za plau hupakwa oili chafu zisishike kutu, na trekta hufunikwa turubai. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na mwenye trekta ajuaye bei ya kranki hahitaji kufundishwa methali hiyo.

Baada ya kazi hiyo huja fahari. Katika maonyesho ya Nane Nane, kama yale ya kitaifa ya mwaka 2018 huko Nyakabindi, Simiyu, ambayo ni jirani na Bunda, mashine mpya hupangwa mstari, zinang'aa, na mwuzaji amesimama kando akizisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Trekta kuukuu halina mwuzaji. Maonyesho yake ni barabara na shamba: hulima ekari za majirani kwa malipo, huvuta tela la mchanga, matofali au pamba, na siku ya arusi hubeba watu na vigelegele vyao. Mwenyewe akilipaka rangi na kuliandika jina hajipendekezi kwa majivuno matupu, anatoa ushahidi. Rangi ile huwaambia watu kwamba chombo hiki kina mtu wa kuulizwa. Mkulima anayetaka kulimiwa kabla mvua haijampita huutazama ushahidi huo, maana trekta likikwama katikati ya ekari yake, msimu wake ndio uliokwama.

Msomaji asidhani kwamba habari hii ni hoja ya kusifu mali ya mtu mmoja na kuubeza ushirika. Yako matrekta mengi ya watu binafsi yaliyokufa kwa uzembe au kwa kulimishwa bila kupumzishwa, na penye shirika au kijiji ambapo mtu mmoja alikabidhiwa ufunguo, daftari na heshima ya kazi hiyo, chombo kiliweza kudumu. Kosa la Kongwa na la makazi ya 1963 halikuwa kwamba mali ilikuwa ya wengi, bali kwamba haikuwa na mwenyewe hata mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu alipotaka watu wakae pamoja ili trekta liwafae, alisema kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba trekta nalo lazima liwe na mtu wake.

Nusu hiyo ya pili haijamalizwa kusomwa. Kibaha, mkoani Pwani, kiwanda kiliwahi kuunganisha matrekta ya Valmet ya Finland katika miaka ya 1980, na leo jina la Valmet halimo tena katika matrekta. Katika mwongo uliopita palepale Kibaha yaliunganishwa matrekta ya Ursus ya Poland, na mwaka 2021 kampuni mama ikatangazwa kufilisika. Azma ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 ilileta mengine kutoka India, pamoja na pawatila nyingi. Kila kundi lililoingia lilihesabiwa siku ya kupokewa. Hesabu ya yaliyo hai baada ya miaka kumi ndiyo iliyo ngumu kuisikia, nayo ndiyo hesabu ya kilimo.

Wakati huohuo mafundi waliozishinda shida za miaka ya 1980 wanazeeka. Maarifa yao hayamo vitabuni. Yamo masikioni, kwa fundi ajuaye ugonjwa wa injini kwa kusikiliza mlio, na mikononi, kwa ajuaye kukaza boliti bila kuivunja. Vyuo vyaweza kufundisha mengine, na sasa Butiama imepewa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu. Mwanafunzi wa chuo hicho atakayetaka kujua kwa nini mashine huishi au hufa katika nchi yake hana haja ya kusafiri mbali. Na angoje mawingu ya vuli, asikilize barabarani, na lile trekta jekundu litakapopita, alifuate mpaka karakana linakolala, aombe kumshikia fundi taa.