Poka ilivyopata walimu

Katika meli za mvuke zilizopanda na kushuka mto Mississippi miaka ya 1820, aliyetaka kujifunza poka alilipa ada palepale mezani. Mchezo ulitokea New Orleans, ukichezwa kwa karata 20 tu: ree, mfalme, malkia, ghulamu na kumi. Watu wanne, kila mmoja karata tano, pakiti imekwisha. Hakuna kuokota wala kubadilisha. Ree nne hazikushindika. Hata wafalme wanne wenye ree moja hawakushindika, maana hapo hakuna mwingine awezaye kushika ree zote. Yaliyobaki ni dau na kusomana nyuso.

Karata zote 52 zilipoingia, meza ikapanuka na mambo yakaongezeka: kopa tano tupu zikawa na thamani yake, na mchezaji akaruhusiwa kutupa karata mbovu na kupewa nyingine. Hapo kanuni zikahitaji kuandikwa. Mmoja wa waandishi wa mwanzo, ajabu, alikuwa balozi. Robert Schenck, jenerali wa zamani kutoka Ohio, alifika London mwaka 1871 kuiwakilisha Marekani. Mwenyeji wake huko Somerset alimwomba awaandikie wageni kanuni, zikachapwa. Poka haikumponza. Kilichomng'oa ubalozini mwaka 1876 ni kashfa ya hisa za mgodi wa fedha wa Utah.

Ila kanuni unaweza kuzijua jioni moja ukaendelea kuliwa mwaka mzima. Ufundi wenyewe wakongwe waliuficha, mpaka Doyle Brunson wa Texas, bingwa wa dunia mwaka 1976 na 1977, alipoutoa kitabuni mwishoni mwa muongo huo. Kitabu kiliuzwa dola 100, na wachezaji wenzake walinuna.

Halafu ikaja intaneti. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alifuzu mashindano hayo ya ubingwa wa dunia kwa kucheza mtandaoni, akaenda Las Vegas na kubaki fainali na Sam Farha. Mezani palikuwa na karata tano za wote wawili: tisa, mbili, sita, nane na tatu. Mkononi Moneymaker alikuwa na mfalme na saba, yaani hana kitu. Akasukuma chipu zote katikati. Farha, mwenye jozi ya tisa, alifikiri sana, kisha akatupa karata. Ubingwa ulikwenda kwa Moneymaker, pamoja na dola milioni 2.5. Mwaka huo walishiriki watu 839, uliofuata, 2,576.