Wakimbizi Wawili wa Antwerp, 1955

Mwaka 1955 mji huu wetu wa Bujumbura ulikuwa bado unaitwa Usumbura. Ubelgiji ndiyo ilikuwa inatawala Ruanda-Urundi kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na ng'ambo ya mto Rusizi ilikuwa inatawala Kongo kama koloni lake. Mwaka huohuo, kule Ubelgiji kwenyewe, katika mji wa bandari wa Antwerp, vijana kutoka nchi mbalimbali walikutana kushindana mchezo wa sataranji. Yalikuwa mashindano ya vijana ya dunia nzima, na ilikuwa mara ya tatu tu kufanyika.

Aliyeshika nafasi ya kwanza ni Boris Spassky, kijana wa Umoja wa Kisovieti. Wa pili ni Edmar Mednis, aliyechezea Marekani. Wote wawili walizaliwa mwaka 1937, kwa hiyo wote walikuwa na miaka 18. Walipokutana mezani hakuna aliyemfunga mwenzake, wakatoka sare. Hayo yameandikwa kwenye vitabu vya mchezo huu. Lakini kuna jambo moja ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko matokeo yenyewe. Wote wawili walikuwa watoto waliotolewa kwao na vita.

Mimi nafanya kazi na vijana wakimbizi hapa Bujumbura, na kila Jumamosi tunacheza sataranji. Waliosoma kwa Kifaransa wanaita esheki, ni kitu kilekile. Bodi zetu nyingi ni karatoni iliyochorwa miraba 64, na askari wengine ni vizibo vya soda. Watu wananiuliza: mchezo huu wa Wazungu utawasaidia nini watoto ambao hata chakula ni shida? Kwanza, si wa Wazungu. Ulianzia India, ukapita Uajemi, Waarabu wakauita shatranj, na hapo ndipo Kiswahili kikapata neno sataranji. Pili, jibu lenyewe liko kwenye historia ya wale vijana wawili. Naiandika kwa ajili ya ndugu wa Musasa, Bwagiriza na Kavumu, kwa sisi wa mjini, na pia kwa wale wanaotuhudumia kwenye mashirika.

Mashindano haya yenyewe yalizaliwa baada ya vita. Vita Kuu ya Pili iliisha mwaka 1945. Miaka sita baadaye, mwaka 1951, Mwingereza mmoja anayeitwa William Ritson-Morry akawaita vijana wa nchi mbalimbali waje kucheza Birmingham na Coventry. Coventry ni mji uliopigwa mabomu vibaya sana na ndege za Wajerumani mwaka 1940. Bingwa wa kwanza alikuwa Borislav Ivkov wa Yugoslavia. Tangu hapo yakawa yanafanyika kila baada ya miaka miwili, na kuanzia miaka ya 1970 yakawa ya kila mwaka. Wasichana walipata mashindano yao mwaka 1982, na wa kwanza kushinda alikuwa Agnieszka Brustman wa Poland.

Sasa turudi kwa Spassky. Alizaliwa Leningrad, mji ambao leo unaitwa Saint Petersburg. Mwaka 1941 jeshi la Wajerumani liliuzunguka mji huo, chakula kikakatika, na hali hiyo ikadumu siku 872. Watu mamia kwa maelfu walikufa kwa njaa. Watoto wengi walitolewa kwa treni, na Boris na kaka yake walikuwa kati yao. Walipelekwa mbali, upande wa Kirov, wakaishi kwenye kituo cha watoto bila baba wala mama. Inasimuliwa kwamba ni katika safari hiyo ya treni alianza kuujua mchezo huu, akiwa na miaka kama mitano hivi.

Kwa maneno ya leo Spassky alikuwa mkimbizi wa ndani. Aliporudi Leningrad mwaka 1946 alikuwa mtoto maskini, mama yake ndiye aliyekuwa anahangaika na familia. Kiangazi hicho alikuwa anashinda kutwa kwenye banda la sataranji lililokuwa katika bustani ya mji. Baridi ilipokuja banda likafungwa. Lakini kulikuwa na nyumba ya vijana ya serikali, na ndani yake mwalimu anayeitwa Vladimir Zak. Mwalimu huyo akampokea, akamfundisha. Baadaye kidogo mtoto akaanza kupewa posho kila mwezi na serikali kwa sababu ya mchezo, na pesa hiyo ikasaidia nyumbani. Dada yake mdogo, Iraida, naye akawa bingwa wa nchi, ila yeye katika drafti, ule mchezo ambao wazee wetu wanaucheza chini ya miembe.

Mednis yeye alizaliwa Riga, nchini Latvia. Vita vilipochachamaa familia yake ikakimbia. Baada ya vita hawakurudi tena. Walipata kupelekwa Marekani, yaani ile tunayoiita hapa reinstalasho, ambayo wengine kati yetu tunaingoja mwaka wa kumi, mwaka wa kumi na tano. Edmar alifika bado kijana, akasoma, akacheza, na mwaka 1955 nchi iliyompokea ikampeleka Antwerp. Mwaka 1962 akamfunga Bobby Fischer katika mashindano ya ubingwa wa Marekani, na hakuna mtu aliyewahi kumfunga Fischer katika mashindano hayo kabla yake. Spassky naye akawa bingwa wa dunia wa wakubwa mwaka 1969, mpaka Fischer huyohuyo alipomnyang'anya taji mwaka 1972 kule Iceland.

Wasomaji wengine watasema: hao walikuwa na akili ya pekee. Sikatai. Lakini akili peke yake ingefanya nini kwenye treni ile? Mimi nikiwaangalia wawili hawa naona mambo matatu waliyoyapata, na wote waliyapata wakiwa bado watoto. Walipata mahali pa kukaa na kucheza. Walipata mtu wa kuwafundisha. Na walipata nchi iliyoandika majina yao kwenye orodha na kuwapa karatasi ya kupita mpakani.

Neno la kushika hapa ni "wakiwa bado watoto". Mashindano ya vijana yana sheria moja ngumu kuliko zote, nayo ni umri. Lazima uwe chini ya miaka 20, na hesabu inafanywa kwa tarehe 1 Januari ya mwaka ule wa mashindano. Ukipita, umepita. Mtu mzima anaweza kungoja, akacheza mwaka kesho au mwaka ule mwingine. Kijana hana huo mwaka mwingine. Na sisi tunajua vita vinaiba nini. Vinaiba nyumba na shamba, ndiyo, ila pia vinaiba miaka. Nyumba unaweza kujenga nyingine, lakini miaka 15 huwezi kuifikisha mara mbili.

Msidhani haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 2007 mashindano haya ya dunia yalifanyika Yerevan, Armenia, na aliyeshinda alikuwa Mwafrika, Ahmed Adly wa Misri. Na mwaka 2009 kulikuwa na mashindano ya kimataifa ya watoto wa Afrika hapa karibu yetu, Juba. Wakati ule Sudan Kusini ilikuwa haijapata uhuru wake, ilikuwa ndio imetoka kwenye vita virefu vilivyoisha kwa makubaliano ya 2005. Uganda ilipeleka watoto watatu kutoka Katwe, kartiye ya maskini ya Kampala: Ivan Mutesasira, Benjamin Mukumbya na msichana anayeitwa Phiona Mutesi. Walikuwa hawajawahi kupanda ndege. Walirudi na kikombe.

Wengi mnamjua Phiona kwa sababu ya filamu ya mwaka 2016. Lakini angalieni ilivyoanza. Baba alikuwa amekufa, shule ilikuwa imemshinda kwa kukosa karo, alikuwa anauza mahindi. Mwalimu Robert Katende alikuwa ameanzisha sataranji Katwe tangu 2004 kwa ajili ya watoto ambao hawakuwa wanacheza mpira, na waliokuja walipata uji. Phiona alimfuata kaka yake, akakuta uji, akakaa. Mahali pa kukaa, mtu wa kufundisha. Yaleyale ya Leningrad. Na kitu cha tatu, karatasi, Phiona alikuwa nacho pia. Alikuwa maskini sana, lakini alikuwa Mganda. Kulikuwa na nchi ya kusema: huyu ni wetu, tunampeleka.

Hapo ndipo pananiuma. Katika kundi letu la Jumamosi kuna kijana mmoja, jina nalihifadhi, anayefunga kila mtu, hata watu wazima wanaopita njiani wakasimama kujaribu bahati. Alifika Burundi akiwa mdogo. Siku yake ya kuzaliwa kwenye kadi ni 1 Januari, kama ya nusu ya marafiki zake, maana mtu asiyejua tarehe anaandikiwa hiyo. Mwaka wenyewe pia ulikadiriwa. Mama yake anasema walimuongeza mwaka mmoja. Kwa foleni ya chakula mwaka mmoja si kitu. Kwa mashindano ya vijana, mwaka mmoja ni mlango mzima.

Tulialikwa kwenye mashindano ya vijana katika nchi jirani. Tukamuombea hati ya kusafiria kwenye ofisi moja. Tukaambiwa tungoje, tukangoja. Majibu yalipofika, mashindano yalikuwa yameisha majuma matatu nyuma, na kijana alikuwa amekaribia kuvuka umri. Hakulia wala hakugombana na mtu. Jumamosi iliyofuata alikuja akawapangia wadogo bodi, akaniambia: "Kaka, hawa bado wako na muda." Nimelibeba neno hilo mpaka leo, na ndilo lililonifanya nitafute historia hii.

Kuna mlango mdogo uliokwisha kufunguka. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, lilianzishwa Paris mwaka 1924, na wito wake kwa Kilatini maana yake ni kwamba sisi sote ni watu wamoja. Kwa kawaida mchezaji anaandikishwa na shirikisho la nchi yake. Lakini Alireza Firouzja, kijana wa Iran, alipoachana na shirikisho la kwao mwishoni mwa 2019, aliruhusiwa kucheza chini ya bendera ya FIDE yenyewe mpaka Ufaransa ilipomchukua mwaka 2021. Yeye tayari alikuwa na jina kubwa, hilo ni kweli. Hata hivyo inaonyesha kwamba mtu anaweza kukaa mezani bila bendera ya nchi. Mwaka huohuo wa 2021, FIDE pamoja na UNHCR walianza kufundisha sataranji kambini Kakuma, Kenya. Kama imewezekana Turkana, kwenye jua lile, kwa nini isiwezekane Musasa?

Kwa hiyo nasema hivi. Ndugu wazazi, mtoto akizaliwa aandikishwe mapema, na karatasi yake itunzwe kama dawa. Mkimbiapo, Mungu aepushie mbali, hiyo itangulie kwenye mfuko. Tarehe ikiwa imekosewa, msiseme haina maana, endeni mkaombe isahihishwe wakati mtoto bado ni mdogo. Ndugu wa mashirika, mnatuletea mipira na bodi, tunashukuru kwa moyo wote. Ila mkipanga bajeti ya vijana, wekeni na karatasi ndani yake, na wekeni mwanzoni, si mwishoni. Bodi tunaweza kuchora wenyewe kwenye karatoni. Hati ya kusafiria hatuwezi kuichora.

Na nyinyi vijana, mchezo una somo lake kuhusu askari, kile kipande kidogo cha mbele. Anatembea hatua moja moja, harudi nyuma, na akifika mwisho wa bodi anageuka kuwa malkia. Lakini hakuna askari anayefika peke yake, lazima wengine wamlinde njiani. Spassky alilindwa na mwalimu mmoja na nyumba moja yenye joto. Mednis alilindwa na nchi iliyompokea mbali na kwao. Phiona alilindwa na kikombe cha uji. Wa kwetu wako tayari wanatembea, na saa yao ya mchezo inaendelea kuhesabu.