Ghala la Mbali: Tovuti za Wafanyabiashara Wadogo wa Dodoma

Chama tawala cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, Tanzania ilikuwa na kompyuta chache mno, ya kwanza ikiwa imenunuliwa mwaka 1965 kwa ajili ya Wizara ya Fedha, na mwaka mmoja baada ya uamuzi huo serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Mji mkuu mpya ulianza kujengwa, basi, katika zama ambazo kumbukumbu za ofisi na za duka vilevile zilikaa kwenye majalada na madaftari.

Zama za tovuti zilikuja baadaye: kikoa cha .tz, yaani mwisho wa anwani unaoitambulisha tovuti kuwa ya Tanzania, kilisajiliwa mwaka 1995, lakini anwani ya Kitanzania haikumaanisha kwamba tovuti yenyewe ilikaa Tanzania. Mafaili yake hukaa ndani ya seva, ambayo ni kompyuta isiyozimwa inayomjibu kila anayeifungua tovuti, na mfanyabiashara asiye na seva yake hupanga nafasi katika ya mwingine, akichangia diski moja na wapangaji wengi. Kwa kawaida seva hizo zilikuwa Marekani au Ulaya, na kwa kuwa intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti, ukurasa wa msindikaji wa mvinyo wa Dodoma uliofunguliwa na mteja wa mtaa wa pili ulilazimika kuvuka bahari kabla ya kumfikia.

Nyaya za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulioanza kujengwa mwaka 2009, ziliifanya safari hiyo kuwa ya haraka bila kuifuta.

Wauzaji wa huduma ya kupangisha nafasi kwenye seva waliitangaza zaidi kwa ukubwa wa nafasi, na hapo ndipo wanunuzi wengi walipopotea, kwa maana maandishi ya tovuti ya kurasa kumi hayamalizi hata megabaiti moja. Kinachojaza diski ni picha: picha ya vichala vya zabibu vya Hombolo, Dodoma, iliyopigwa kwa simu na kupandishwa bila kupunguzwa huweza kufikia megabaiti 4, hivyo picha 250 za namna hiyo humaliza gigabaiti nzima. Barua pepe za ofisi nazo, katika vifurushi vingi, hula nafasi ileile, sawa na nakala rudufu, yaani nakala ya akiba, ambayo ikiwekwa kwenye seva ileile hupotea pamoja nayo.

Serikali ilipohamia Dodoma kwa kasi kuanzia mwaka 2016, taasisi inayosimamia mifumo yake, iliyoanza mwaka 2012 ikiwa wakala na kugeuzwa Mamlaka ya Serikali Mtandao mwaka 2019, ilihudumia taasisi za umma, si wenye maduka. Mfanyabiashara aliyetaka seva ya nchini alielekea Dar es Salaam, ambako kilijengwa Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, au kwa kampuni binafsi. Swali la mahali seva ilipo, ambalo wengi walilipuuza walipokuwa wakihesabu gigabaiti, liliingia katika sheria mwaka 2022, pale Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, yakiwemo majina na namba za simu ambazo wateja huziandika kwenye fomu ya oda.