Goma: namna ya kupata habari za kweli juu ya nyota na sayari kwenye intaneti

Karibu kila mwaka, mwezi wa nane ukifika, kwenye makundi ya WhatsApp kunatembea ujumbe unaosema sayari ya Mars itaonekana kubwa kama mwezi. Ni uongo. Ulitokana na tarehe 27 Agosti 2003, wakati Mars ilikaribia dunia kwa kilomita milioni 56 hivi. Hata siku ile, kwa macho ilionekana kama nyota yenye kung'aa sana, basi.

Mjini Goma mambo haya si mchezo. Wakaaji walioona lava ya Nyiragongo ikishuka tarehe 22 Mei 2021 wanaweza kukimbia usiku juu ya ujumbe mmoja wa kuogopesha. Naye mwanafunzi anayejenga kazi yake juu ya habari mbovu anapoteza mwaka.

Wapi pa kutafuta?

Kupatwa kwa jua na mwezi: NASA ya Marekani na IMCCE ya Paris, yenye kurasa za Kifaransa, hutoa tarehe na saa miaka mingi mbele. Ndiyo maana ilijulikana mapema kwamba tarehe 21 Juni 2020 jua lingeonekana kama pete kaskazini mwa Kongo. Saa zikiandikwa UTC, hapa Goma ongeza saa 2.

Mawe ya angani: kituo cha CNEOS cha NASA huonyesha yale yanayopita karibu na dunia, na umbali wake.

Utafiti: ADS husaidia kutafuta makala za wanasayansi bila malipo. arXiv, iliyoanza 1991, nayo ni ya bure, lakini makala nyingi huwekwa pale kabla wataalamu wengine hawajazikagua. Angalia kama makala ilitoka pia kwenye jarida.

Kuangalia anga: Stellarium ni programu ya bure ya kompyuta. Ukiisha kuipakua, inafanya kazi bila intaneti, faida kwa anayehesabu mega.

Mtego mmoja: ukiandika «astrologie» badala ya «astronomie», utaletewa utabiri wa bahati, si sayansi.

Kabla ya kutuma ujumbe kwa wengine, jiulize: nani ameandika? Tarehe gani? Kituo kingine kinachojulikana kinasema vile vile? Kama hakuna jina wala tarehe, usitume.

Na mwangaza mwekundu juu ya Nyiragongo si jambo la nyota. Ya volkano yaulizwe OVG, kituo kinachochunguza volkano hapa Goma.