Mbwa anayejikuna mfululizo: chanzo chake na namna ya kumpatia nafuu

Mbwa kujikuna mara moja moja ni jambo la kawaida. Lakini anapojikuna usiku na mchana, akaguguna miguu yake, na ngozi ikakauka na kupukutisha manyoya, hiyo ni dalili ya maradhi yanayohitaji tiba. Baadhi ya maradhi hayo huweza pia kuwapata watu wa nyumba hiyo, hasa watoto wanaocheza naye.

Kutambua chanzo

Viroboto ni miongoni mwa visababishi vikuu. Kiroboto jike mmoja huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, nayo hudondoka sakafuni na kwenye malalo ya mbwa. Ili kuhakikisha, chana manyoya ya mgongoni karibu na mkia juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto chenye damu.

Upele huletwa na utitiri usioonekana kwa macho, ambao huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huanzia mara nyingi kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo, na muwasho wake ni mkali mno. Utitiri huo huambukiza mbwa wengine kwa urahisi. Ukimwingia binadamu humletea vipele vinavyowasha, ingawa kwa kawaida hupungua vyenyewe mbwa akishatibiwa. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya huenda yakawa choa, ugonjwa wa ukungu ambao nao huambukiza watu.

Ngozi kavu isiyo na wadudu huweza kutokana na lishe duni. Mbwa anayelishwa ugali mtupu hukosa protini na mafuta yanayoilinda ngozi. Kumwongezea dagaa wasio na chumvi au yai lililopikwa humsaidia, ila manufaa huonekana baada ya wiki kadhaa.

Nafuu ya nyumbani

Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa kutumia shampuu ya mbwa. Sabuni ya kufulia na ile ya watu huikausha ngozi yake zaidi. Msuuze hadi povu liishe kabisa, kisha mkaushe. Fua malalo yake kwa maji ya moto kila wiki na uyaanike juani. Watibu mbwa wote wa nyumba kwa wakati mmoja, la sivyo wadudu watarudi.

Mambo ya kuepuka

Usimpake mafuta machafu ya injini, mafuta ya taa wala dawa ya kunyunyizia mimea. Hupenya ngozini, na mbwa hujilamba akayameza. Sumu hiyo yaweza kumuua. Usimpe dawa za watu za kutuliza maumivu.

Tahadhari kubwa ni kuhusu ivermectin ya ng'ombe. Dawa hiyo huwa na miligramu 10 katika kila mililita, kiasi kwamba kosa dogo la upimaji humzidishia mbwa dozi mara nyingi. Mbwa wa jamii ya collie na baadhi ya mbwa wachungaji wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia ubongoni, na huweza kupoteza fahamu au kufa.

Wakati wa kumwona daktari

Mpeleke kwa daktari wa mifugo iwapo ngozi ina vidonda, usaha au harufu mbaya, au iwapo ni mtoto wa mbwa. Tiba ya upele huendelea kwa wiki kadhaa. Usiikatize muwasho unapopungua, kwa maana mayai yaliyosalia huangua baadaye.

Iwapo mbwa anajing'ata mahali pamoja na tabia yake imebadilika ghafla, usimshike. Huenda ni kichaa cha mbwa. Toa taarifa mara moja kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu.