Asumini ya uani: jinsi ya kuipanda kwenye udongo wa chokaa na maji ya chumvi

Mwaka juzi tulikubaliana nyumbani kwamba upande wa nyuma wa nyumba ya mama, Mji wa Kale, ubomolewe ujengwe upya. Ua wote ungekwenda, na mwasumini uliokuwa umeegemea ukuta tangu sisi tukiwa wadogo ungekwenda nao. Mama alihamia kwa dada yangu Kisauni, ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga yenye roshani ndogo. Hakuuliza habari ya kitanda wala kabati. Aliuliza, "Na mwasumini wangu je?"

Fundi alitupa muda hadi baada ya Idi. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja: kata matawi, chomeka, mwagilia. Nilichomeka matawi ishirini mwishoni mwa Januari. Kufikia katikati ya Februari yalikuwa vijiti ishirini vikavu. Ndipo nilipoanza kuuliza watu na kusoma, na ninayoandika hapa ni yale niliyoyapata kwa njia hiyo, pamoja na makosa yangu.

Tuanze na kuujua mti wenyewe, maana kwenye miche ya kuuzwa kuna mchanganyiko mwingi. Asumini yetu, ile ya vikuba na ya kumwagwa kitandani kwa bibi harusi, wataalamu huiita Jasminum sambac. Asili yake ni upande wa Bara Hindi na imesafiri sana. Ufilipino waliifanya ua la taifa mwaka 1934, na Wachina huichanganya na majani ya chai ili yanukie. Jani lake ni moja moja, la kijani kilichoiva, linang'aa, na hukaa mawili mawili likielekeana na mwenzake, mara nyingine matatu. Ua ni jeupe. Kuna la tabaka moja la petali na kuna lililojaa kama waridi dogo. La tabaka moja huchanua kwa wingi zaidi na ni jepesi kutunga kwa uzi. Lililojaa ni zuri kwa macho, lakini mmea wake ni mvivu.

Ukiona mtambaa wenye majani membamba yaliyogawanyika vipande vitano hadi saba kwenye kikonyo kimoja, na matumba yake yana wekundu, huo ni asumini wa namna nyingine. Unapendeza sana Nairobi kwa sababu unataka baridi ya usiku ili utoe maua. Huku kwetu utapata majani na kamba ndefu tu. Jirani yangu aliingia mtego kama huo na haidrenjia, lile ua la mafungu makubwa ya buluu. Aliibeba kutoka Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ikiwa imechanua kwenye chungu. Maua yale yalipokwisha hayakuja mengine. Haidrenjia hutengeneza matumba yake wakati wa baridi, na Mombasa hatuna baridi hiyo. Hata majani yake yaligeuka manjano kwa chokaa ya udongo wetu. Mtu akitaka ua la pwani achague mmea unaopenda joto, na mwasumini unalipenda.

Sasa kupandikiza. Mwasumini huu ni nadra kuzaa mbegu, kwa hivyo karibu kila mche unaouona ulitoka kwenye tawi la mwingine. Wa mama ulitoka kwa shangazi yake, na sijui yeye aliutoa wapi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukata ncha changa za kijani, zile laini zinazopinda, nikidhani ndizo zenye uhai. Hunyauka kabla hazijafikiria kutoa mizizi. Tawi lililokomaa kabisa na kuwa na gome la kahawia nalo ni zito kuota. Chukua lililo katikati: unene wa penseli au pungufu kidogo, bado lina kijani lakini ukilipinda linakataa. Likate urefu wa shibiri, liwe na vifundo vitatu au vinne, na mkato wa chini uwe karibu sana na kifundo, kwa maana mizizi hutokea hapo. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili ya juu uyakate nusu, na ng'oa tumba lolote hata kama linakuuma. Tawi haliwezi kulisha ua na kutafuta mizizi kwa wakati mmoja.

Kosa la pili lilikuwa mchanga. Niliuchota ufuoni. Mchanga wa bahari una chumvi, na hata ukiuosha mara tatu bado una vipande vya kombe ambavyo ni chokaa tupu. Tafuta mchanga wa mto, ule mnene, uuchanganye na mboji kidogo. Chomeka vifundo viwili chini ya mchanga, funika chungu kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga au chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako, uweke kivulini. Mchanga uwe na unyevu, usiwe tope. Mizizi huchukua wiki nne hadi sita, na mara nyingine zaidi. Jani jipya lisikudanganye ukaling'oa tawi kutazama, kwani tawi huweza kuchipua kwa akiba yake mwenyewe hali chini halina kitu.

Njia iliyo salama zaidi, ambayo ningeianza nayo kama ningejua, ni kulaza tawi. Unachukua tawi refu la chini bila kulikata, unakwaruza gome kidogo chini ya kifundo, unalifukia hapo kwenye chungu chenye udongo na kulibana kwa jiwe. Mama mtu anaendelea kulilisha huku linajitafutia mizizi. Baada ya miezi miwili hivi unalikata upande wa shina. Mwezi Februari nililaza matawi mawili, na yote mawili yalishika. Mwezi huohuo nilichomeka matawi kumi na mawili kwa njia niliyoieleza, yakashika matano. Fundi alipokuja na nyundo zake nilikuwa na miche saba.

Udongo. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jabali la matumbawe, na sehemu kubwa ya ukanda wetu karibu na bahari ni hivyohivyo. Jabali hilo ni chokaa. Mwasumini hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na chokaa ikizidi, mmea hushindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamo humo udongoni. Utaijua shida hii kwa majani machanga, yale ya juu: yanakuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, kama ramani. Yakiwa manjano majani ya zamani ya chini, tena manjano ya jani zima, hiyo ni njaa ya kawaida na samadi itaiponya. Hali ya kwanza haiponi kwa samadi peke yake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo litawaudhi wazee wangu. Jivu. Tumezoea kumwagia kila mmea jivu la mekoni. Shambani bara, kwenye udongo mchachu, jivu ni dawa. Kwenye udongo wa matumbawe ni kuongeza chokaa juu ya chokaa. Maganda ya mayai ni hayohayo. Ukitaka kuupa mwasumini kitu, upe mboji ya majani na samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mitatu au zaidi, na utandaze majani makavu juu ya udongo yaoze polepole. Kama manjano yameshika sana, duka la pembejeo huuza chuma cha kuyeyusha kwa maji. Nunua kile kilichoandikwa kwamba kinafaa udongo wa chokaa, na ufuate kipimo cha pakiti.

Ukipanda ardhini, chimba shimo la mkono mmoja kwenda chini na mkono mmoja upana, toa mawe yote, ujaze udongo mwekundu, mboji na samadi. Kaa mbali na ukuta uliopigwa lipu karibuni. Ukipanda chunguni, ambako ndiko hali ya wengi wetu siku hizi, mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokatwa juu unatosha kwa miaka miwili. Toboa matundu chini, sita au saba, si mawili.

Maji ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Kisima cha nyumba yetu, kama visima vingi vya kisiwani, kimekuwa kikizidi chumvi. Mama amekuwa akiumwagilia mwasumini wake maji hayo miaka yote, na mti mkubwa wenye mizizi mirefu, unaooshwa na masika kila mwaka, ulivumilia. Tawi lisilo na mizizi halivumilii. Dalili za chumvi ni kingo za majani kuungua kahawia na ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu. Sabuni isiyotoa povu nayo itakuonya mapema.

Kwa miche ile nilitumia maji yanayodondoka kutoka kwa mashine ya eisi ya duka la jirani. Ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, hauna chumvi, na ndoo moja hujaa kwa siku bila senti. Watu walicheka kuniona nikitega ndoo mlangoni pa mtu. Maji ya mvua ni bora vilevile, ila acha mvua ya kwanza ioshe paa kabla ya kukinga. Kama huna budi kutumia maji ya kisima, usiutie mmea vikombe vidogo vidogo kila siku, maana maji hukauka na chumvi hubaki. Mwagilia kwa kujaza hadi maji yatoke chini, subiri udongo ukauke kina cha kidole, ndipo urudie. Mara moja kwa mwezi osha chungu kwa maji matamu mengi.

Miche miwili ilikwenda roshani ya Kisauni mwezi Juni. Ikanawiri. Majani yalikuwa mengi, meusi kwa ubichi, na kufikia Oktoba hakuna hata tumba moja. Mama akaanza kuulaumu udongo wangu. Kumbe roshani ile hupata jua saa moja unusu tu asubuhi, kisha jengo la pili linaziba. Mwasumini kivulini huishi, lakini hautoi maua. Unataka jua la saa nne kwa uchache, na sita ni bora. Tuliuhamisha mmoja juu ya paa, wanakoanika nguo, na kabla ya Novemba kwisha mama alikuwa na maua ya kwanza. Jambo jingine linaloleta majani bila maua ni mbolea ya kuku. Ni kali, na ikitumiwa mbichi huunguza mizizi pia.

Kisha kuna kupogoa, ambako wengi wanakuogopa. Asumini huchanua kwenye vichipukizi vipya. Tawi lililokwisha kutoa maua halina haja ya kuachwa refu: likate nyuma kidogo, juu ya jozi ya majani, litachipua mawili mahali pa moja na kila moja litabeba fungu lake. Hilo nalifanya kila baada ya wimbi la maua. Mara moja kwa mwaka, katikati ya Machi kaskazi inapoishiwa nguvu, naukata mti wote karibu nusu, natia samadi, nangoja mvua. Mama aliponiona mara ya kwanza alikaa kimya siku nzima.

Wadudu hawanisumbui sana. Kaskazi huleta utitiri: majani yanakuwa na vumbi la nukta nukta na utando mwembamba chini yake. Nyunyizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku tatu mfululizo. Vidung'ata, wale weupe kama pamba, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na uwafukuze sisimizi wanaowalinda. Tumba likigeuka zambarau kabla ya kufunguka na lina kitundu, ndani mna kiwavi. Lichume ulitupe mbali, usiliangushe chini ya mti. Kwa mengine natumia maji ya majani ya mwarubaini yaliyotwangwa. Dawa za dukani siziweki kabisa kwenye asumini, kwa sababu kikuba hukaa kwenye nywele na kifuani usiku kucha.

Kuchuma ni alasiri, kabla ya magharibi. Chagua matumba yaliyojaa na kuwa meupe kabisa. Yenye kijani hayatafunguka yakishachumwa, na lililokwisha funguka litakuwa limenyauka kabla wageni hawajaondoka. Yaweke kwenye kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa. Yasiogelee majini, yataota madoa. Baada ya isha yatafunguka yenyewe, yakiwa yameshatungwa uzini au yamefungwa na rehani na mkadi.

Miche mitatu niliwagawia majirani. Miwili ninayo mwenyewe, mmoja kati yake ni wa kurudi ukutani Mji wa Kale. Nyumba imekwisha, lakini fundi alifukia kifusi na saruji palepale ulipokuwa mti wa zamani. Nimeshatoa karai kumi na moja, na bado sijafika kwenye udongo.